Aliyekaa Katikati

Kila asubuhi, kabla hajatia hata tone la kahawa kinywani, Efren Dumlao alitega sikio. Alisikilizia mbao za madirisha ya nyumba kubwa, upande wa pili wa ua, zikisukumwa pembeni moja baada ya nyingine: krrr, pa! Krrr, pa! Zikishasukumwa alijua Bibi Fumie ameamka, mzima, na kwamba yeye Efren hajaua mtu siku hiyo. Hapo ndipo alipowasha jiko.

Mngemwona amesimama pale mlangoni na soksi zake nene, sikio limeelekezwa uani, mngesema huyu Mfilipino akili zimemruka. Hazikumruka. Alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na sita, ana mke na mabinti wawili kwao Ilocos, na Japani ameshakaa miaka ya kutosha kuota ndoto kwa Kijapani. Hofu haiulizi umri wala akili za mtu. Ilimwingia kama baridi ya Nagano inavyoingia, chini ya mlango, ikakaa.

Kazi yake ilikuwa kiwandani, kwenye uyoga mweupe ule mwembamba unaooteshwa ndani ya chupa. Uyoga huo haupendi jua wala joto, kwa hiyo wanaouhudumia nao hawalioni jua wala hawalipati joto. Efren alishinda humo mwaka mzima, amevaa koti, akisukuma kreti kutoka chumba kimoja cha giza kwenda kingine. Nadhani giza hilo ndilo lililofanya kamera imnase kirahisi vile.

Kamera yenyewe hakuinunua. Alikuwa amepanga chumba cha uani kwa Bibi Fumie Yanagisawa, mjane wa miaka themanini na nne, mfupi, mwenye mdomo usiolala. Siku moja alimsaidia kusafisha stoo, wakaikuta ndani ya mfuko wa ngozi uliokakamaa, kamera nzito ya zamani ya kutia mkanda. Ilikuwa ya marehemu mumewe, Kazuo.

"Chukua," Bibi akamwambia. "Hapa inaoza bure. Na wewe pia unaoza bure, kila Jumapili umelala tu kama gunia la mchele."

Akaichukua. Mwanzo alipiga vitu visivyolalamika: matunda ya rangi ya chungwa yaitwayo kaki, yaliyomenywa na kutungikwa chini ya paa, mifereji ya mashamba ya mpunga, paka wa jirani. Mikanda ya kwanza ilitoka giza tupu, mwenye duka la picha akacheka mpaka akavua miwani. Lakini Efren alikuwa na subira ya mtu aliyezoea kungoja uyoga uote. Mwaka uliofuata akahamia kwenye nyuso, na nyuso ndizo zilizomponza.

Wazee wa mtaa ule walikuwa na kiwanja chao cha kucheza mpira wa kugongwa kwa nyundo za mti, na kando ya kiwanja kulikuwa na benchi moja la kuketi watu watatu. Hapo Efren alijipatia wateja wake. Wazee walikaa watatu watatu wakipumzika, wanasengenyana, wanakula matango ya kuchachusha, naye anachuchumaa mbele yao na kamera ya Kazuo. Picha zikishasafishwa, anawagawia. Walimpenda. Walianza kumletea viazi, maboga, na ushauri asiouomba.

Mwezi wa tisa akafa mzee Koike. Aliinama kung'oa majani shambani, hakuinuka. Watoto wake wakaja kwa Efren na mikono miwili mbele kwa adabu, wanaomba ile picha ya benchini ambamo baba yao anacheka bila meno. Kule mtu akifa, picha ya uso wake ndiyo inayowekwa mbele ya maua msibani, imefungwa utepe mweusi kwenye pembe, kisha inatungikwa juu ukutani katika chumba cha waliotangulia. Waliwakata wenzake wawili pembeni, wakamkuza yeye. Waombolezaji walimsifu Efren mpaka akaona haya.

"Umempiga vizuri kuliko alivyokuwa mwenyewe," alisema mjane wake.

Wiki chache baadaye akafuata Bi Maruyama, aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote pale kiwanjani. Watoto wake nao wakaja na mikono miwili mbele, kuomba ya benchini. Hapo kiwandani maneno yakaanza. Doming, kijana wa kwao aliyefanya naye kazi, alikuwa akimwona tu anainua mikono juu.

"Kaka, usinielekezee hiyo bunduki! Bado sijaoa." Halafu: "Kaka, nikikulipia nauli utakwenda kumpiga mama mkwe wa ndugu yangu? Hata picha moja tu inatosha."

Efren alicheka na wenzake. Jioni, akiongea na mkewe kwa simu, akamsimulia kama kichekesho. Perlita hakucheka.

"Lakay," akasema. Lakay ni mzee. Ndivyo alivyomwita tangu siku ya harusi, wote wawili wakiwa vijana wabichi. "Hao wazee ulipowapiga walikuwa wangapi?"

"Watatu. Benchi lenyewe ni la watu watatu."

"Na waliokufa walikaa wapi?"

Efren alifungua mdomo ajibu, akaufunga. Alikuwa ameshaona picha zote mbili kichwani.

"Katikati," akasema.

"Susmariosep! Wewe umekulia wapi? Hujui kwamba watu hawapigwi picha watatu? Aliye katikati anachukuliwa! Shangazi Nena hukumbuki? Si alikaa katikati yangu na mama, Krismasi haikumkuta!" Alivuta pumzi. "Nani mwingine umemweka katikati?"

"Hakuna," akasema Efren.

Uongo huo aliusema upesi, kwa sababu jibu alikuwa nalo tayari. Alikata simu akaenda kwenye boksi la picha, akaitoa. Ilikuwa ya mwezi wa sita, kwenye benchi lile lile. Majirani wawili huku na huku, na katikati yao Bibi Fumie, ameinua kidole anamkosoa mtu asiyeonekana, huku anacheka kwa uso mzima. Ndiyo iliyokuwa picha yake nzuri kuliko zote. Alikuwa amemwonyesha Bibi mara moja tu, akairudisha, anataka aikuze ampe zawadi ya mwaka mpya.

Aliikalia picha ile mpaka chai ikapoa. Kisha akafungua jiko la kuni, akaitupia humo, na negativu yake, kile kipande cha mkanda, juu yake. Ilijikunja, ikatoa harufu mbaya, ikaisha. Alijiambia kwamba sasa hakuna picha, na kama hakuna picha hakuna katikati. Lakini asubuhi ya pili alijikuta mlangoni, anasikilizia mbao.

Wiki zikapita hivyo. Theluji ya kwanza ikaanguka. Asubuhi moja alitega sikio, kimya. Akangoja. Kimya. Akatoka mbio, akavuka ua, akasukuma mlango wa nyumba kubwa, akapita barazani mpaka sebuleni.

Bibi Fumie alikuwa ameketi kwenye meza yake fupi yenye moto chini yake, blanketi mpaka kiunoni, anamenya chungwa. Alimtazama usoni, kisha macho yakashuka taratibu mpaka miguuni.

"Viatu!" akapiga kelele. "Umeingia na viatu! Kwenye mikeka yangu! Hata mwizi huvua!"

"Bibi, sikusikia mbao."

"Mbao zimegandishwa na barafu. Wewe unasikiliza mbao zangu kwa nini? Umeajiriwa na manispaa?"

Efren alipiga magoti akafuta matope kwa mkono wa koti lake, na machozi yakamtoka bila ruhusa. Bibi akaligawa chungwa. Akamsogezea nusu.

"Vizuri umekuja," akasema baadaye. "Ile picha yangu ya mwezi wa sita, naitaka. Ile ninayocheka."

"Ya nini, Bibi?"

"Ya nini! Ya kutungikwa. Nina miaka themanini na nne, unadhani naitaka niombee kazi?"

Akamwinua, akamwongoza mpaka chumba cha ndani chenye kabati la ibada, na bakuli la wali wa marehemu mbele yake. Juu ya kizingiti zilining'inia picha mbili. Moja ya mama mkwe, kali, imetoka sawasawa. Ya pili ilikuwa ya Kazuo, au ndivyo alivyosema. Efren aliona kitu kama ukungu uliovaa suti.

"Huyu mtu aliwapiga picha watu wote wa mji huu," Bibi Fumie akasema. "Harusi, shule, ng'ombe, kila kitu. Yeye nani alimpiga? Hakuna. Alipokufa tukatafuta nyumba nzima, tukapata moja tu ya safari, amesimama nyuma kabisa, uso wake una ukubwa wa soya. Wakaikuza, suti wakaichora. Miaka yote hii namtazama huyu hapa kila siku ninapompa wali wake, na sasa sura ya mume wangu siikumbuki. Nakumbuka huu ukungu." Akamgeukia, akamtaja kwa matamshi ya Kijapani na san ya heshima. "Mimi sitaki kuwa ukungu, Efuren-san. Unanisikia? Kufa nitakufa, sawa. Lakini hicho ndicho ninachokiogopa."

Efren alisema ataitafuta. Alirudi chumbani kwake akakaa kitandani, na kwa mara ya kwanza akaelewa alichokichoma.

Alijaribu kulipa. Jumapili akaja na kamera, akasema ile ya zamani haionekani, bora apige mpya. Bibi alivaa kimono yake ya rangi ya majivu, akapaka hata rangi ya mdomo. Miguu yake haikuweza kwenda nje kwenye theluji, na chumba cha ndani ndicho chenye dirisha zuri, kwa hiyo akaketi hapo. Efren akachungulia kwenye kitundu, akazungusha lenzi, uso wa Bibi ukaja ukiwa wazi kabisa. Kisha akaona kilicho juu yake. Kushoto mama mkwe. Kulia Kazuo. Nyuso tatu, na Bibi Fumie katikati.

Angeweza kumwambia asogee. Angeweza kusogea yeye. Mtu asiye na hofu angefikiri hivyo haraka sana. Efren alisikia kidole chake kimekufa juu ya kitufe.

"Vipi?" Bibi akauliza. "Nimezeeka ghafla?"

"Mkanda umeisha."

"Umeutia sasa hivi, nimekuona."

Ndipo akamwambia. Alipiga magoti na kusema yote: benchi, Koike, Maruyama, simu ya mkewe, jiko. Bibi Fumie hakumkatiza, na hilo peke yake lilimtisha.

"Umeichoma," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Picha yangu. Umeichoma."

"Nilitaka uishi, Bibi."

"Koike alikuwa na miaka tisini na mmoja na betri ya moyo kifuani! Ungempiga peke yake juu ya mti angekufa vile vile." Akajifuta rangi ya mdomo kwa kiganja. "Hayo ya katikati na sisi tuliambiwa utotoni. Ndiyo maana wazee walitangulia kukaa katikati, wakasema heshima, kumbe wanawakinga watoto. Mimi nilikaa pale kwa kupenda. Hukuniuliza. Toka, leo sitaki kukuona."

Alitoka. Asubuhi mbao zikasukumwa kwa nguvu kuliko kawaida, pa! pa! pa!, na Efren akajua Bibi bado ana hasira, akashukuru.

Mwaka mpya mtoto wa pekee wa Bibi, Shuichi, akaja kutoka Tokyo kwa siku moja. Alikuwa mtu mpole mwenye uso wa kuchoka, amekuja na keki na vipeperushi vya makao ya wazee. Mchana Bibi akatuma sauti uani: "Efuren-san! Njoo ule! Lete na kamera." Ndivyo alivyosamehe. Neno la msamaha lenyewe hakulitamka.

Baada ya supu ya mochi, ile mikate ya mchele uliopondwa, Shuichi akasema wapige picha ya familia, na Bibi akaamuru mpangaji naye aingie. Efren akapanga kreti mbili za uyoga moja juu ya nyingine, akaweka kamera, akahesabu waliomo. Watatu. Hakuna mtu wa nne wa kumwita, majirani wote wamekwenda kwa watoto wao. Kama angekataa sasa, Shuichi angeondoka na gari la jioni, na Bibi angebaki hana picha ya uso. Na kama angekubali, alijua nani angewekwa wapi.

"Mama, kaa katikati," Shuichi akasema, na kumvutia mto.

Efren alichungulia kwenye kitundu kwa muda mrefu. Mle ndani ya kioo Bibi alionekana mdogo sana. Alifikiria mabinti zake wawili. Alifikiria Perlita. Kisha akavuta kile kidude kinachoiachia kamera ipige yenyewe, kikaanza kukereza, na badala ya kwenda kukaa pembeni kama inavyompasa mpangaji na mgeni, akajitosa katikati yao, akamsukuma Bibi kwa nyonga mpaka kwenye ukingo wa mto.

"Efuren-san," Shuichi akasema, ameshtuka, "hapo ni pa mama."

"Samahani sana. Hapa ni pangu."

"Lakini..."

"Mwache," Bibi Fumie akasema. Alikuwa amemgeukia Efren, ameliona jasho kwenye paji lake, ameona alivyokaza meno kama mtu anayengoja sindano. Akaelewa. Uso wake wote ukafunguka, akacheka, kidole kimeinuliwa. "Mpumbavu we! Mpumbavu mkubwa!"

Kamera ikalia.

Jioni Perlita akauliza, kwa sababu huwezi kumficha Perlita kitu, na Efren akamwambia alikaa wapi. Halafu akamsikia analia.

"Una watoto wawili," akasema. "Wawili, Lakay! Hao wangekaa katikati ya nani?"

Tangu siku hiyo hofu yake ilihama nyumba. Kiwandani alikwepa magari ya kuinulia mizigo kama ng'ombe wenye wazimu. Barabarani alitembea kwa kunyata juu ya barafu. Chakula alinusa mara mbili, na kifua kikimbana kidogo alikaa chini akakumbuka sala zote za utotoni. Doming alipomtania hakucheka tena. Lakini asubuhi, mbao zikisukumwa, krrr, pa!, alipata raha fupi ambayo hakuwa nayo zamani. Ikiwa ni zamu ya mtu, basi ilikuwa yake. Alimpelekea Bibi picha iliyokuzwa, naye akaitazama sana, akaifuta kwa upindo wa mkono wa kimono, akasema, "Sasa sawa."

Mwishoni mwa mwezi wa pili, theluji ikiwa inadondoka kutoka paani, mbao hazikulia. Efren alingoja. Alijiambia ni barafu. Jiko alikuwa hajaliwasha, wala kahawa hakuikumbuka. Alivuka ua polepole, na safari hii alivua viatu, akavipanga vizuri, pua zikitazama nje, kama Bibi alivyomfundisha. Bibi alikuwa amelala ubavu kwenye godoro lake la chini, blanketi limefika shingoni, amefia usingizini.

Msibani alisimama nyuma kabisa, karibu na mlango, anaogopa kuinua macho. Alikuwa na hakika amekwishakosea mahali fulani, kwamba jiko lile halikuila sawasawa ile picha ya benchini. Foleni ya kutia ubani chetezoni ikamsogeza mbele hatua kwa hatua mpaka hakuwa na pa kutazama pengine.

Bibi Fumie alikuwa pale juu ya maua meupe, kidole kimeinuliwa, anamcheka. Uso wake ulikuwa wazi mpaka mikunjo ya macho. Na kwenye ukingo wa kulia wa picha, ndani ya utepe mweusi, kulikuwa na bega. Bega la mtu mwenye koti la bluu la kiwandani, limekatwa karibu na shingo.

Efren alilitambua koti lake. Nusu yake ilikuwa tayari iko kule. Alitaka kugeuka akimbie, na ubani aliokuwa ameushika kwa vidole viwili ukamwagika.

Shuichi alimfuata, akainama.

"Watu wa mazishi walitaka kulifuta," akasema kwa sauti ya chini. "Wanafuta kila siku, ni kazi ndogo. Lakini mama alinikataza mwezi uliopita, kwenye simu, akanifokea hasa. Alisema, baba yako aliwapiga wote na yeye hakupigwa. Huyu naye anapiga watu kila Jumapili, na hana hata picha moja. Liache bega lake, akasema, ili siku wakiuliza huyu ni nani, mtaje jina lake." Alimtazama. "Ila kama linakutia wasiwasi, Efuren-san, bado tunaweza kulifuta. Sema tu."

Watu nyuma yao walikuwa wanangoja. Efren alilitazama bega lile, na kicheko kile kilichokuwa kimeliegemea. Aliogopa kama hajawahi kuogopa maishani mwake. Akachukua ubani mwingine, akautia, akainama mpaka chini.

"Msilifute," akasema.